Moto wa Septemba unatumalizia misitu ya Lindi. Tuuwahi mwezi Juni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie moto wa porini katika Mkoa wa Lindi, na hasa majira unayowashwa, kwa kuwa moto huohuo ukiwashwa mwezi Juni hutusaidia, na ukiwashwa Septemba hutumaliza.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkulima wa korosho na ufuta wilayani Liwale, na kwa miaka kadhaa sasa ni mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji chetu. Mwishoni mwa Septemba mwaka jana, moto uliotoka katika shamba lililokuwa likiandaliwa kwa ajili ya ufuta uliingia msitu wa kijiji majira ya saa nane mchana, saa ambayo jua na upepo vyote viko upande wa moto. Tulitoka watu kama thelathini, tukiwa na majembe, mapanga na matawi mabichi, lakini moto wa nyasi zilizokauka kwa miezi mitatu minne hauzimwi kwa matawi. Ndimi zake zilikuwa zinapita vichwa vyetu, na tulichoweza ni kurudi nyuma hadi barabarani, tuuzuie pale ili usivuke. Usiku ukavuka. Asubuhi nilikuta mikorosho yangu kumi na tisa imebabuka, korosho changa zikiwa zimenyauka juu ya matawi.

Mikorosho itapandwa mingine. Kilichoniuma zaidi nilikiona siku ya tatu, tulipoingia msituni kukagua. Kulikuwa na mpingo mmoja ambao kamati ilikuwa imeshauwekea alama kwa ajili ya mavuno. Ukiutazama kwa upande wa njia ulikuwa mzima, gome lake limetulia. Upande wa pili ulikuwa na kidonda cha moto wa miaka ya nyuma, na moto huu mpya ulikuwa umekifungua usawa wa goti. Nilitia mkono, kiganja chote kikazama. Ule moyo mweusi, ambao ndio hasa unaonunuliwa na watengenezaji wa klarineti, zile ala za muziki za kupuliza, na wachongaji wa Kimakonde, ulikuwa umeoza na kuwa unga. Mpingo huhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Mtu aliyeuona ule ukichipua alikwishazikwa zamani, na sisi tumeukuta hauna kitu ndani kwa sababu ya nyasi zilizochomwa chini yake miaka yote hiyo.

Wataalamu wa misitu wanalijua jambo hili kwa muda mrefu. Kule Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia, majaribio yalianza mwaka 1933 katika misitu ya miombo ya aina ileile inayotuzunguka huku kusini: maeneo mengine yalichomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, mengine mwishoni, na mengine hayakuchomwa kabisa. Palipochomwa mwishoni mwa kiangazi, miti ilikwisha karibu yote na pakabaki nyasi. Palipochomwa mapema, msitu uliendelea kuwa msitu. Sababu yake mkulima yeyote ataielewa. Miti ya miombo kwa sehemu kubwa hujirudisha kwa machipukizi yanayotoka kwenye mizizi na visiki, na chipukizi likiunguzwa hadi chini kila Septemba huanza upya kila masika, kwa hiyo unaweza kukuta mche wenye umbo la mwaka mmoja ilhali mzizi wake ni wa miaka mingi. Wazee wanakufa juu, watoto hawakui chini.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mwezi Juni nyasi huwa zimeanza kukauka juu huku chini zikiwa bado na ubichi, na usiku kuna umande. Ukiwasha moto jioni, ukiwa unakwenda kinyume na upepo, unatembea polepole kwa kimo cha goti, unaacha mabaka mabaka, na kabla ya usiku wa manane unazimika wenyewe kwa unyevu. Mabaka hayo yaliyoungua ndiyo yanayokuwa kinga ya msitu miezi mitatu baadaye, moto mkali unapokuja na kukosa cha kula. Hii ndiyo kazi inayoitwa moto wa mapema, na vijiji vya Kilwa vinavyovuna mpingo kwa utaratibu vimekuwa vikiifanya. Vilevile Kilwa ndiko ambako mwaka 2009 misitu ya asili ya vijiji ilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa utaratibu mzuri, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Hatuhitaji kwenda mbali kujifunza.

Niseme wazi kwamba ushauri huu hauhusu kila msitu. Ile misitu minene ya pwani na ya miinuko, kama Rondo na Litipo, haikuumbwa kwa moto wa aina yoyote, wa Juni wala wa Septemba. Komba mdogo wa Rondo, mnyama wa usiku anayepatikana katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya nchi yetu, hana pa kuhamia kipande chake kikiungua. Huko kinachotakiwa ni kufyeka njia za kinga ya moto kuzunguka msitu na kuzilima kila mwaka, basi.

Najua wapo watakaouliza kwa nini tusipige marufuku moto wote na kumkamata kila anayewasha. Sheria ipo, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inauzungumzia moto, na vijiji vingi vina sheria ndogo. Lakini mwenye kiberiti anayo sababu yake. Mkulima anaandaa shamba, mwindaji wa ndezi na panya anataka kuona, mrina asali anahitaji moshi. Na watu wa Lindi na Mtwara wanakumbuka simba. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 katika Tanzania, na wilaya za pwani ya kusini zilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Mama aliyelazimika kupita katika nyasi zilizomzidi kimo akienda kuchota maji alfajiri haoni kosa kuzichoma, na mimi sithubutu kumlaumu. Mtu huyu ukimwambia asichome, atachoma kwa siri mwezi wowote atakaopata nafasi. Ukimwambia tuchome pamoja Juni, atakuja na jembe lake.

Kuhusu maji nitasema machache, ingawa ndiyo yanayotugusa sote. Mito yetu mingi, hata Matandu kwa sehemu kubwa, hubaki mchanga mtupu wakati wa kiangazi, na watu hufukua visima ndani ya mchanga huo. Ardhi iliyounguzwa Septemba inapokea mvua za kwanza ikiwa uchi kabisa. Maji hayazami, yanaondoka na udongo na majivu, na visima hufukiwa. Kwa wenzetu wa uwanda wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, ambako mvua huzama kwenye udongo wa kichanga na kutokeza kama chemchemi chini ya miteremko, kuichoma miteremko ile ni kuchezea mtungi wenyewe.

Na tembo pia. Tunapakana na Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Malisho ya porini yakiteketea mwezi Septemba na Oktoba, mashambani kwetu mabibo yanaiva. Hapo hakuna haja ya kueleza tembo anaelekea wapi. Kisha tunajaza fomu za kifuta jasho, yale malipo ya Serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, na familia nyingine, Mungu atunusuru, hujaza za kifuta machozi, kwa aliyejeruhiwa au kuuawa.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Kila mwaka magari ya matangazo hupita vijijini kutuhimiza tusichome moto, na mara nyingi hupita Septemba, moshi ukiwa tayari angani. Nimejiuliza kwa nini, na jibu naliona katika kalenda ya fedha. Mwaka wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Mwezi Juni, wakati moto wa mapema unapotakiwa, mafungu ya mwaka unaokwisha huwa yamekauka. Fedha mpya zikishashuka hadi wilayani, nyasi nazo zimeshakauka. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo, ila ndivyo inavyokuwa, na haitabadilika hadi mtu aiandike kwenye bajeti. Ninawaomba madiwani wa halmashauri zote za Lindi, na za Mtwara pia, wanapopitisha bajeti watenge fungu la moto wa mapema litakalotolewa kabla ya Mei kuisha: mafuta ya pikipiki ya Afisa Misitu, posho ndogo ya vijana wa doria, na siku mbili za mafunzo. Ni fedha ndogo sana ukilinganisha na ushuru wa ufuta na korosho tunaoukusanya.

Vijiji navyo visisubiri. Sheria imetupa haki ya kubaki na mapato ya misitu tuliyoihifadhi wenyewe katika ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuamua kwamba sehemu ya mapato hayo ni ya moto kabla haijawa ya kitu kingine. Sisi tumeamua hivyo mwezi uliopita. Tutaanza wiki ya kwanza ya Juni, kwa ruhusa na usimamizi wa Afisa Misitu, upande wa mashariki wa msitu ambako ndiko moto wa mwaka jana ulikoingilia. Vijiji viwili tunavyopakana navyo upande huo bado havijapanga siku, na bila wao njia yetu ya kinga itakuwa na mwanya wa karibu kilomita mbili. Tumewaandikia wenyeviti wao, na kupitia gazeti lako nawaomba tena tukutane mpakani kabla ya nyasi kukauka.

Mwalimu mstaafu na mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji,
Liwale, Lindi