Yah: Kopo mlilobandika stika ya "isiyong'aa" limeniharibia kabusi yangu (behewa la treni la mfano), naomba hela yangu na bodi nyingine ya behewa

Kwa Meneja Mauzo,

Habari za kazi bosi. Mimi ni yule fundi simu wa Mwanjelwa, Mbeya, dada yenu wa wasap ananifahamu vizuri maana wiki hii tumeshagombana mara tatu. Nimeamua niandike barua kabisa niitume na basi, kwa sababu wasap mnasoma, tiki zinakuwa bluu, halafu kimya.

Oda yangu ilikuwa hivi: kabusi moja ya kuunganisha mwenyewe skeli ya HO (yaani ndogo mara 87 kuliko ya kweli) sh 145,000, pakiti ya vishikio na vikorokoro vya nje sh 55,000, na kopo moja la vanishi ya spreya isiyong'aa sh 38,000. Na nauli ya kifurushi nililipa mimi. Hela yote niliwatumia kwa simu siku hiyo hiyo, sikuomba punguzo wala sikusema nitamalizia mwisho wa mwezi, risiti zipo.

Najua hapo ofisini kwenu sio kila mtu anajua anachouza, kwa hiyo nieleze kidogo. Kabusi ni behewa la mkia la treni za mizigo za Marekani. Kondakta na watu wake wa breki walikuwa wanakaa humo, lina jiko, lina vitanda, lina meza ya kuandikia makaratasi, na juu ya paa kuna kile kibanda cha madirisha ambacho mtu anapanda anakaa anaangalia mabehewa yote yaliyo mbele, kama kuna ekseli imeshika moto aone moshi mapema kabla behewa halijaanguka. Miaka ya 1980 kampuni za reli kule zikaanza kuyaondoa, wakaweka kiboksi chenye taa kwenye kapla, kile kiunganishi cha behewa la mwisho, mchezo ukaisha. Mzee wangu alikuwa karakana ya Tazara hapa hapa Mbeya, nilivyomwonyesha picha akacheka akasema hili si behewa la gadi tu hili limejengewa ghorofa. Ndio nikalipenda.

Na hapo hapo niwaambie, lile tangazo lenu linaloiita kabusi hii "behewa la gadi la Tazara" litoeni. Reli ya HO ina upana wa milimita 16.5, ukizidisha kwa 87 unapata ile reli ya milimita 1,435 ya kina Marekani. Tazara ni milimita 1,067, gawa kwa 87 unapata kama 12 na kidogo, sio 16.5. Mimi nilikuwa najua nanunua ya Kimarekani, sijalalamika, ila kuna mtu atanunua kwa sababu ya baba yake aliyestaafu Tazara halafu mtamuumiza roho.

Tuje kwenye vishikio. Mliandika ni vya waya. Kilichokuja ni plastiki nene kama njiti ya kuchokolea meno, nimepima na kaliper ni milimita 1 kamili. Sasa milimita 1 mara 87 ni sentimita 8.7, yaani huyo kondakta wenu akitaka kupanda behewa anashika bomba la inchi tatu na nusu, atalishikaje, atalikumbatia? Kishikio cha kweli ni nondo nyembamba tu ya kama milimita 19, kwenye HO inatakiwa iwe kama milimita 0.2. Hilo nililimaliza mwenyewe, nilichuna waya wa eksitensheni mbovu, zile nyuzi za shaba za ndani ndio saizi yenyewe, unashika ncha moja na praizi nyingine na kibano unavuta taratibu mpaka usikie umejinyoosha, hapo unakuwa umenyooka kama rula na umekazana kidogo. Nikatoboa na biti ya 0.3 nayotumia kwenye bodi za simu, matundu 28, nikaweka vishikio 14, kila kimoja na tone la supagluu la ncha ya sindano. Siku mbili jioni. Bodi ilivyokuja ilikuwa nyepesi mno inaruka kwenye kona, nikaweka zile risasi za kubalansia tairi mpaka ikafika karibu gramu 100, hilo wala silidai, ni kazi ya kawaida.

Ishu yangu ni kopo.

Kuchakaza behewa sio kupaka uchafu ovyo jamani. Kila uchafu una sababu yake na ukikosea sababu hata mtoto anaona kuna kitu hakipo sawa. Mzee ndio kanifundisha hilo bila yeye kujua anafundisha, alikuwa akipita kwenye mabehewa anasema hapa watu wanapanda sana, ona ngazi imeng'aa chuma, hapa breki zinasaga, ona chini kote kahawia, hapa maji yanatuama, ona kutu inavyochuruzika kutoka kwenye riveti kwenda chini, haiendi pembeni hata siku moja. Kwa hiyo kabusi yangu niliipiga rangi ya redoksaidi, nikapitisha glosi (vanishi inayong'aa), nikalowesha dekali, vile vikaratasi vya namba na herufi, nikavilaza (lazima uanze na glosi maana dekali ikilala juu ya rangi kavu ya chengachenga inaingia hewa chini inakuwa na weupe weupe), halafu nikafunga na vanishi isiyong'aa ya kopo langu la zamani, nililonunua kwenu kwenu mwaka jana, na lilifanya kazi vizuri kabisa. Hilo mlijue. Halafu likaisha.

Baada ya hapo wiki tatu za unga. Nilichukua vumbi la kweli la njia ya kwenda nyumbani, nikachuja kwa soksi ya nailoni, nikapitisha sumaku ya spika ya simu mbovu kutoa chembe za chuma zisije zikaingia kwenye mota ya kichwa cha treni, nikasaga chaki za rangi za watoto, nikachukua masizi ya jiko la mkaa. Chini kwenye magurudumu vumbi la kahawia nyepesi, kwenye bomba la jiko juu ya paa ulimi wa masizi umelala kuelekea nyuma maana treni inaenda mbele na moshi unarudi nyuma, kwenye ngazi nikakwangua kidogo chuma kionekane. Chini ya kila riveti ya dirisha la kushoto nilivuta kastari ka kutu kwa brashi ya nywele tatu. Riveti kumi na moja. Mke wangu ambaye huwa anaita hii kazi "midoli yako" alikuja akaishika akanusa mkono wake. Alidhani ni kutu ya kweli.

Unga huo ukiuacha hivyo hivyo kidole kinaubeba, inabidi upitishe vanishi isiyong'aa ya mwisho, nyembamba sana, pumzi mbili tatu tu. Nikachukua kopo lenu jipya. Sikujaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki, hapo nakubali kosa ni langu, lakini jina ni lile lile, stika ni ile ile ya Kiswahili mnayobandika nyie "VANISHI ISIYONG'AA", nijaribu nini tena?

Pumzi ya kwanza nikaona imelowa. Nikasema itakauka. Imekaa nusu saa, inang'aa kama viatu vya askari siku ya gwaride. Ile ya masizi juu ya paa ikawa lami. Vumbi la chini likapotea kabisa, si mnajua vumbi la barabarani likinyeshewa linakuwaje, linabadilika rangi linakuwa tope jeusi, ndio hivyo hivyo, unga mkavu unaonekana kwa sababu ni mkavu, ukiuzamisha kwenye glosi umekwisha. Vistari vyangu kumi na moja vya kutu vimeungana vimekuwa doa moja kama mtu kamwaga chai. Na dekali ya namba upande wa kulia imekunjamana, yaani dawa yenyewe ni kali kuliko ile ya kopo la kwanza.

Nikawatumia picha. Dada akajibu hiyo ni baridi ya Mbeya. Dada yangu, ilikuwa saa saba mchana, Septemba, jua linawaka na ardhi imekauka mpaka inapasuka, na hata ingekuwa Juni, spreya ikipata baridi na unyevu inatoa ukungu mweupe kama maziwa, haitoi mng'ao, hivyo ni vitu viwili tofauti kama homa na kuvunjika mguu. Baadaye akasema sikutikisa kopo. Hapo kidogo alinigusa, maana ni kweli vanishi isiyong'aa ina unga laini ndani unaozima mng'ao, unakaa chini ya kopo, usipotikisa inatoka inang'aa. Ila nilitikisa dakika tatu naangalia saa ya ukutani, kile kigololi cha ndani mpaka jirani yangu muuza kava akauliza leo unauza kayamba. Mara ya tatu akaniandikia, nanukuu, "kaka si toi tu hiyo, puliza nyingine juu, kopo tunalo 38,000". Yaani ninunue tena! Na ukipuliza isiyong'aa juu ya glosi kweli mng'ao unakufa, lakini unga uliozama haurudi, unabaki na tope lisilong'aa.

Sasa juzi usiku nilikuwa nalifuta kopo na spiriti ya kusafishia bodi za simu, nikaona kona ya stika yenu imenyanyuka. Mimi kazi yangu ni kubandua vioo vya simu, bosi. Nikawasha bloa, moto mdogo, nikapitisha kadi nyembamba chini yake, ikatoka nzima kama ngozi ya maziwa. Chini yake kuna lebo ya kiwanda, na imeandikwa kwa herufi kubwa GLOSS. Sio kwamba imefutika, sio kwamba unahitaji miwani. Aliyebandika stika aliiona, maana ameipanga stika yake vizuri ikalifunika lile neno lote mwanzo mpaka mwisho.

Siwezi kusema nani kafanya wala kwa nini, labda isiyong'aa iliisha na glosi ilijaa stoo, labda kijana wa stoo hasomi Kiingereza na stika zilikuwa roli moja. Mnajua nyie. Ila Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa, haijali kama bidhaa ni trekta au toi, na Tume ya Ushindani naweza kuwapelekea hili kopo pamoja na picha, sitaki, ila naweza.

Ninachotaka ni hiki. Sh 38,000 ya kopo irudi kwa namba ile ile iliyowatumia. Sh 55,000 ya vishikio sidai yote, nipeni nusu, kuna vipande vingine vya pakiti nimevitumia kama taa za nyuma na gurudumu la breki ya mkono, hivyo vilikuwa vizuri na nasema ukweli. Bodi tupu ya kabusi mnipe mpya, bodi tu, magurudumu na chasisi ninayo, na nauli safari hii lipeni nyie. Wiki zangu tatu hamna namna ya kunirudishia najua, sijaziwekea bei.

Na muingie stoo leo mbandue stika moja moja kwenye hayo makopo yaliyobaki. Kuna jamaa wa Iringa nilimwelekeza kwenu mimi mwenyewe, alinunua mawili wiki moja na mimi, nimeshampigia asipulize, anasubiri mumjibu na ana hasira kuliko mimi.

Kopo nimebaki nalo, nikiliweka kwenye basi na lile joto la kwenye buti mpaka Dar litalipuka mnitafute tena. Stika yenu nimeibandika nyuma ya karatasi hii, iangalieni, kona ya chini kulia bado ina kipande cha herufi ya S ya kiwanda kimeng'oka nayo.

Wenu mteja,
Fundi simu, Mwanjelwa, Mbeya