Mpwa wangu hakurithishwa MS, na unga wa mlonge hautamponya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu kuhusu maradhi ya neva, ile iliyosema kwamba maltipo sklerosisi, au MS kama madaktari wanavyoifupisha, yaani maradhi ambamo kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo, ni "ugonjwa wa ukoo". Chini yake palikuwa na tangazo la unga wa kuondoa "sumu ya oksijeni mwilini". Huenda huko kwenu mambo hayo mawili yalikutana ukurasa mmoja kwa bahati tu. Huku Masasi yalisomwa kwa pamoja, na hayakuchelewa kufika barazani kwangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia. Pia ni mjomba, na kwa sisi Wamakua, na hata kwa jirani zetu Wayao, Wamakonde na Wamwera, mjomba si mtu wa kuitwa kupiga picha siku ya harusi. Posa inapita kwake. Mtoto wa dada yangu ana MS, naye alikuwa ameshachumbiwa. Wajomba wa kijana walikuja na gazeti lenu limekunjwa kwenye mfuko wa koti. Hawakuja kwa shari. Walisalimia, wakanywa chai, kisha mkubwa wao akauliza: "Mwalimu, huu ugonjwa ni wa upande wenu?"

Nilianza kwa kuwaeleza ulivyomjia. Binti ni karani wa mizani kwenye ghala la korosho. Jicho la kulia lilianza kuuma kila akiligeuza, na ukungu ukatanda. Akiangalia kanga nyekundu kwa jicho hilo aliiona imepauka. Akiangalia kwa jicho la kushoto, nyekundu ileile ya dukani. Baada ya wiki kadhaa likarudi lenyewe, nasi tukasahau. Mwaka uliofuata miguu ikafa ganzi, akawa anahisi kubanwa kiunoni pande zote, na akiinamisha shingo anapigwa shoti ya umeme mgongoni hadi miguuni. Zahanati ya kwanza ilimpa dawa ya malaria. Mama mmoja kutoka Newala akasema ni konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu, na wala hakusema upuuzi, maana mkoa wetu uliwahi kupata konzo, miaka ya 2002 na 2003, kwa sababu ya mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri. Lakini konzo huikamata miguu yote miwili kwa ghafla na kuiacha hivyo hivyo. Haina tabia ya kuondoka na kurudi. Tulilazimika kumpeleka Dar es Salaam kwa kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili, ndipo yakaonekana makovu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Makovu ya namna hiyo ndiyo ambayo daktari Charcot wa Paris aliyaeleza mwaka 1868, yeye akiyakuta kwa kupasua maiti. Mpwa wangu aliyaona ya kwake kwenye kioo cha kompyuta, akauliza kama wanaweza kumtumia picha kwenye WhatsApp.

Sasa hilo la ukoo. Ni kweli vinasaba, au jeni, vinahusika, na mwandishi wenu hakudanganya hapo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 47,000, ulibaini sehemu zaidi ya 230 kwenye vinasaba zinazohusiana na MS, nyingi zikiwa sehemu zinazoongoza kinga ya mwili. Karibu zote, ukiichukua moja moja, huongeza hatari kidogo mno. Yenye nguvu kuliko nyingine ni moja ya jeni za HLA, zile zinazoisaidia kinga kumtambua adui: jeni ya HLA-DRB1, aina ya 15:01, ambayo huongeza hatari takribani mara tatu.

Wengi wakisikia "mara tatu" hufunga daftari. Mara tatu ya nini? Katika nchi za Ulaya ambako ugonjwa huu umeenea, wanaoupata maishani ni kama watu wawili au watatu katika kila 1,000. Zidisha mara tatu, bado hujafika mtu mmoja katika 100. Hata mapacha wa kufanana, wenye vinasaba vilevile, mmoja akiwa na MS, yule mwingine huipata takribani mara moja katika nne. Kama ungekuwa ugonjwa wa kurithishwa tu, wangeugua wote wawili.

Mjomba mmoja akanikatiza: "Lakini ukoo wetu unakwenda kwa mama." Kwa shamba na kwa jina ni kweli kabisa, na siubishi utaratibu ambao umenipa mimi kiti cha kukalia siku ile. Vinasaba lakini havifuati utaratibu huo: nusu hutoka kwa baba, nusu kwa mama, basi. Na kwa kuwa sehemu zenyewe ni zaidi ya 230, hakuna mtu barazani pale asiyekuwa nazo kadhaa, bwana harusi mtarajiwa akiwemo. Walicheka. Mimi sikuwa natania.

Ili ugonjwa huu uanze, yanahitajika mengine zaidi ya jeni. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2022, uliofanywa katika kundi la wanajeshi zaidi ya milioni 10, ulionyesha kwamba hatari ya MS ilipanda mara 32 baada ya mtu kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr. Kirusi hicho kilitangazwa mwaka 1964, kikiwa kimeonekana katika vivimbe vya watoto wa Uganda, jirani zetu hapo. Karibu watu wazima wote duniani wanacho, na walio wengi kabisa hawapati MS kamwe. Kisha kuna sigara. Watafiti wa Sweden walieleza mwaka 2011 kwamba mtu mwenye hali mbili mbaya za jeni za HLA, asiyevuta, hatari yake ni kama mara tano ya asiyevuta ambaye hana hali hizo. Akivuta, inakaribia mara 14. Jeni zake ni zilezile, ila mapafu yamejaa moshi. Hapo ndipo ningetamani makala yenu ingekaa zaidi, maana jeni hatuwezi kuzibadilisha, sigara tunaweza kuizima.

Nije kwenye "sumu ya oksijeni". Jambo lenyewe lipo. Askari wa kinga wanapoingia kwenye ubongo kwa makosa na kushambulia mayelini, yaani ile ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva, humwaga molekuli kali za oksijeni. Mafuta ya ala hiyo huharibika, mfano wa mafuta ya nazi yaliyoachwa wazi juani yakachacha. Seli zinazotengeneza mayelini ndizo huumia zaidi: zina madini ya chuma kwa wingi, ambayo huuchochea uharibifu huo, na akiba yao ya glutathioni, kinga ya seli dhidi ya molekuli hizo, ni ndogo. Baadaye hata mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, ndani ya nyuzi za neva hudhoofika, na uzi ukikosa nishati hufa. Wataalamu huita hali hii mkazo wa oksidesheni.

Muuza unga naye kasikia hayo mahali, kayageuza biashara. Alifika ghalani na makopo ya mlonge uliochanganywa na mabibo yaliyokaushwa, kopo shilingi 45,000, akamwambia binti aache dawa za hospitali kwanza "mwili usafike". Mabibo yana vitamini C nyingi kuliko machungwa, hilo silipingi, na juisi yake nainywa kila msimu. Lakini vitamini za kumeza hazijathibitika kuzuia MS wala kuisimamisha. Ipo dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, dimethili fumarati, ambayo hugusa njia hii: huamsha protini iitwayo Nrf2, nayo huwasha jeni za ulinzi wa seli zenyewe. Pamoja na hayo hupunguza seli za kinga zenye fujo. Ilipimwa kwa wagonjwa wengi kabla ya kuuzwa. Kopo la ghalani limepimwa kwenye mizani ya korosho tu.

Jambo jingine ambalo wasomaji wa huku wanalihitaji: joto. Mwezi wa kumi na moja, mvua zikisuasua, jicho la binti hufifia tena na miguu huwa mizito. Ukipoa mwili, hali hurudi ilivyokuwa. Uhthoff wa Ujerumani alilieleza jambo hili mwaka 1890. Si shambulio jipya. Msimamizi wake amekubali afanye zamu ya asubuhi, na ana beseni la maji chini ya meza.

Posa haijavunjika. Wajomba wamesema watarudi baada ya minada ya korosho, nami nimewaambia mlango uko wazi, ila gazeti waliache nyumbani.

Kama mwandishi wenu anataka kuendelea na mada hii, kazi ipo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwa mara ya kwanza dawa za MS katika orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Hii ya tatu inatumika pia kutibu saratani ya tezi za limfu, kwa hiyo si ngeni kwa madaktari. Mwaka huohuo Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Akaulize Dodoma: mgonjwa wa MS aliyeko Masasi, mwenye cheti cha daktari na picha ya MRI mkononi, anaipata rituksimabu kwa bima gani, na kwenye hospitali ipi?

Mwalimu mstaafu,
Masasi, Mtwara