Barua ya wazi kwa waume vijana: mkeo akikuzidi

Wanangu, assalaam alaykum.

Kila baada ya nikaha, pilau likishaliwa na watu wameanza kutafuta viatu vyao, hakosi mmoja wenu wa kunisogelea akaniuliza kwa utani wenye hofu ndani yake: "Babu, hivi mapenzi yanadumu kweli?" Huwa namwombea dua tu nikanyamaza, maana jibu lenyewe ni refu na halisemeki mbele ya wageni. Leo nalisema kwa kupitia picha moja ya Kihindi iitwayo Abhimaan, na nalisema kwa kundi moja kati yenu: nyinyi ambao wake zenu wamewazidi mshahara, cheo au jina. Mnajijua. Waliobaki nao wasome, zamu yao yaweza kufika.

Sisi wa rika langu hapa Unguja mapenzi tulisomeshwa na picha za Kihindi. Tulijazana kwenye majumba ya sinema ya Majestic na Empire, Kihindi hatukijui, na tukalia pamoja na sterling. Karibu picha zote hizo zilikuwa na njia moja: vijana wanapendana, wazazi wanakataa, jambazi anaingia kati, mwisho wanaoana na taa zinawashwa. Tukarudi majumbani tukiamini kazi yote ya mapenzi iko kabla ya harusi. Yanayokuja baada ya hapo hakuna aliyetuambia.

Abhimaan ya mwaka 1973, aliyoiongoza Hrishikesh Mukherjee, inaanzia pale wenzake walipoishia. Subir, anayeigizwa na Amitabh Bachchan, ni mwimbaji mwenye jina kubwa Bombay. Anakwenda kijijini kumtembelea shangazi yake, huko anamsikia binti aitwaye Uma akiimba, na moyo wake hauna tena pa kwenda. Uma ni Jaya Bhaduri. Muziki kafundishwa na babake, na kwake kuimba ni ibada. Soko halijui wala halitaki. Wanaoana upesi, bila ya jambazi wala mzazi mkorofi. Waigizaji wenyewe, Amitabh na Jaya, walioana Juni mwaka huohuo, kabla filamu haijatoka.

Sasa tulieni hapa kidogo. Kwenye tafrija ya harusi bwana na bibi harusi wanaombwa waimbe. Wanaimba, ukumbi unafurahi. Kati ya wageni yupo mzee mjuzi wa muziki, ameigizwa na David, yule mwenye kipara. Wengine wanapiga makofi, yeye anasikiliza. Kisha anamnong'oneza mwenzake kwamba huyu mke ana kipaji kuliko mumewe, na kwamba anawahofia. Basi, hakuna zaidi. Ndoa haina hata siku ngapi na mtu mzima keshaona ufa utakapopita. Filamu nzima baada ya hapo ni kutimia kwa mnong'ono ule.

Na nani aliyemtoa Uma jikoni akampeleka studio? Subir mwenyewe! Yeye ndiye aliyeng'ang'ania mkewe aimbe naye, dunia imsikie. Uma hakuomba. Mwanzoni Subir anajivuna naye. Kisha watayarishaji wanaanza kubisha hodi wakimuulizia mke. Kisha watu wanaotaka saini wanampita yeye wanamkimbilia Uma. Mtazameni Amitabh usoni katika sehemu hizo: hagombi, hapigi, anatabasamu nusu na macho yanakuwa mazito. Nimeona uso huo barazani kwetu mara nyingi, wala si wa Kihindi.

Yupo kijana mmoja, jina lake nalihifadhi, aliyemsomesha mkewe mpaka chuo kikuu. Alikopa, akauza pikipiki, akajisifu kila mahala kuwa mke wangu anasoma. Mke akahitimu, akapata kazi nzuri. Siku moja nilikuwa kwao nala chakula cha mchana. Simu ya mke ikalia, ni ya ofisini. Mume akachukua rimoti akaongeza sauti ya televisheni. Mke akatoka uani kwenda kuzungumza juani. Yule kijana hakusema neno baya hata moja, akaendelea kunikaribisha samaki. Hivyo ndivyo inavyoanza, wanangu. Sauti ya televisheni.

Wengi wenu mkisikia ndoa imeharibika mnauliza, nani kaingia kati? Katika Abhimaan yupo Chitra, rafiki wa Subir anayempenda siku zote. Aliyemwigiza ni Bindu, ambaye sifa yake ilikuwa kucheza wanawake wachokozi, hivyo mtazamaji anamsubiri avunje nyumba. Havunji. Subir anamkimbilia kujiliwaza, anakimbilia na pombe, lakini tatizo anakwenda nalo na kurudi nalo. Kikulacho ki nguoni mwako. Uma naye yuko tayari kuacha kuimba kabisa ili nyumba ipate amani, na hilo nalo halisaidii kitu. Zingatieni hapo, maana najua wapo kati yenu wanaosema, "Akiacha kazi tutarudi kama zamani." Hamrudi. Mtu aliyeumia kwa mkewe kusifiwa ataumia tena kwa mkewe kujitoa, maana sasa amedhihirishiwa kwamba anaonewa huruma.

Uma anarudi kwa babake akiwa na mimba. Mimba inaharibika. Kuanzia hapo anakuwa kimya: halii, haimbi, anatazama tu. Hapa filamu inazidi uzito kuliko picha zote nilizolilia ujanani, kwa sababu hakuna jambazi wa kumlaumu.

Nitie neno la pembeni, mnisamehe. Muziki ni wa S. D. Burman, na katika picha hizi mwigizaji hufungua mdomo tu, sauti ya wimbo ni ya mwingine. Katika filamu hii nyimbo za Uma zote anaimbiwa na Lata Mangeshkar. Subir anaimbiwa na wanaume watatu: Kishore Kumar, Mohammed Rafi na Manhar Udhas. Sidhani kama Mukherjee alikusudia kejeli, lakini mimi huwa nacheka peke yangu: wanaume watatu kwa Lata mmoja, na bado tunaambiwa mke ndiye anayeongoza.

Mkidhani haya ni ya Wahindi, kumbukeni mwimbaji wetu wa taarabu Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda hukohuko Bombay kurekodi santuri. Wapigaji wake walikuwa wanaume, akina Subeti Ambari, Budda Swedi na Mbaruku. Walikaa nyuma yake wakampigia ala, na hawakupungukiwa kitu. Mpaka leo tunawataja. Na kama mnataka kwenda juu zaidi, Bi Khadija alikuwa mfanyabiashara tajiri, na Mtume wetu alimfanyia kazi ya biashara kabla hajamuoa. Hatujasikia hata siku moja kwamba mali ya mkewe ilimnyima usingizi. Nyinyi mnanyimwa na nini?

Sheria yetu nayo iko wazi. Matumizi ya nyumba yako juu yako, hata kama mkeo ana mara tatu yako. Chake ni chake. Akikusaidia, mshukuru kwa mdomo, tena siku hiyohiyo. Asipokusaidia, usimhesabie. Wenye tabia mbaya zaidi kuliko zote ni wale wanaochukua mshahara wa mke kisha wakamnunia kwa kuupata.

Baraza nayo iacheni pale ilipo. Maneno ya "fulani analishwa na mkewe" husemwa na watu ambao kahawa yenyewe wanakunywa kwa kukopa. Ukitaniwa, cheka, jibu moja kisha ubadilishe mazungumzo. Usiyabebe ukaingia nayo ndani. Na mkeo akipanda cheo, habari hiyo ifike kwa wazazi wake kutoka kwako, kabla yeye hajapiga simu. Hili halina gharama, na nimeliona likituliza nyumba zilizokuwa zimeanza kutoa moshi.

Mwisho wa filamu Subir anapanda jukwaani, Uma yuko ukumbini kama sanamu. Anaanza peke yake wimbo aliokuwa ameutunga kwa ndoto ya mtoto wao. Uma anapasuka kilio, kisha sauti inamtoka, wanaimba pamoja. Kwa wengi huo ni ushindi wa mapenzi. Mimi naona haraka. Ningependa kuwaona miezi sita baadaye, pale mtayarishaji atakapobisha hodi tena na kumuulizia Uma, na Subir ndiye aliyefungua mlango. Kwa hiyo yule aliyeniuliza kama mapenzi yanadumu, jibu langu ni hili: niambie kwanza ukifungua mlango utasema nini.

Itafuteni muitazame, ni ya saa mbili tu. Muitazame na wake zenu, msiitazame peke yenu mkaja kuwahutubia. Na pale kwenye tafrija, yule mzee mwenye kipara anapofungua mdomo, msijifanye mmekumbuka kuna simu ya kupiga.

Babu yenu,
Unguja