Kuhusu kusoma kazi zetu Jumamosi

Ndugu wanakikundi,

Baadhi yenu mmeniandikia faraghani kwamba mnazo tungo zilizokamilika, ila mnahofia kuzisoma mbele ya wenzenu tutakapokutana Jumamosi saa nane mchana katika Maktaba ya McMillan, Barabara ya Banda, jijini Nairobi. Hofu hiyo naifahamu vyema. Mara yangu ya kwanza kusoma, daftari lilinitetemeka mkononi hata nikaruka ubeti mzima. Nilipoketi, mzee mmoja alinieleza kwa upole kwamba mshororo mmoja wa tarbia yangu, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, ulikuwa na mizani (silabi) 15 badala ya 16, kisha akaniomba nimsomee tena ubeti wa mwisho kwa kuwa ulimkumbusha mamake. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa msikilizaji makini huipima kazi, hampimi mtu, na hilo ndilo ninalowasihi nyote mlizingatie mnapotoa maoni.

Asiye tayari kusoma utungo wote na alete ubeti au aya moja tu, au anitumie nimsomee bila kumtaja jina. Tutaanza na kilichomgusa msikilizaji, ndipo tuingie kwenye vina, mizani na msuko wa visa. Naomba nakala zinifikie kabla ya Ijumaa jioni.

Mratibu wenu