Kwa Mwalimu Mwenzangu: Namna ya Kumpokea Anayekosea

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi pamoja na heri ya kazi mpya. Barua yako nimeisoma kwa makini, nami nimefurahi kuona kwamba baada ya kukabidhiwa darasa hukuniuliza namna ya kuwanyamazisha wanafunzi, bali namna ya kuwafanya waseme. Umeniambia kwamba kila unapouliza swali wote huinamisha vichwa isipokuwa wale wanne au watano wa mstari wa mbele, na kwamba hujui iwapo walionyamaza hawajui au hawataki. Kwa maoni yangu, wengi wao wanaogopa. Huenda hofu hiyo walikuja nayo kutoka madarasa ya nyuma, lakini sasa ni wewe unayeweza kuipunguza.

Nimefundisha kwa muda wa kutosha kuamini kwamba hali ya darasa hujengwa hasa katika nukta ile inayofuata jibu lisilo sahihi. Wakati huo macho yote humwelekea mwalimu. Akikunja uso, au akisema "kaa chini" na kumwita mwingine papo hapo, aliyejibu hufundishwa jambo moja, na wenzake hufundishwa lilo hilo bila hata kufungua kinywa: kwamba kunyamaza ni salama zaidi. Lakini mwalimu akiuliza kwa utulivu, "Umefikaje hapo?", na akawa na mazoea ya kumuuliza hivyo hivyo hata aliyepatia, swali hilo halimtii mtu aibu, kwa kuwa halimtambulishi aliyekosea.

Chukua mfano wa mwanafunzi anayejumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5. Hakubahatisha. Amejumlisha namba za juu peke yake na za chini peke yake, kwa kufuata kanuni aliyojitungia kutokana na hesabu za namba nzima alizozizoea. Ukimwambia tu kwamba amekosa, kanuni yake itabaki kichwani na kesho ataitumia tena. Muulize badala yake kama 2/5 ni kubwa au ni ndogo kuliko nusu. Akilifikiri vizuri, au akichora mstatili na kuugawanya, ataona mwenyewe kwamba ameanza na nusu, ameongeza kitu juu yake, kisha amepata kiasi kilichopungua nusu. Hapo kosa lake limelifaa darasa zima, maana hakosi kuwapo mwingine aliyekokotoa vivyo hivyo na kuficha daftari lake. Mshukuru mbele ya wenzake kwa kueleza njia yake, na umshukuru kwa dhati, kwa sababu watoto huitambua haraka sifa ya kupakwa mafuta.

Jambo la pili ni kusubiri. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi, wakishauliza swali, walisubiri kwa takriban sekunde 1 tu kabla ya kumtaja mtu, kulirudia swali au kulijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi waliozoea kukaa kimya wakaanza kushiriki, na walioshindwa kujibu wakapungua. Rowe alitazama pia ukimya mwingine, ule unaofuata jibu, ambao sisi walimu huukata kwa kusema "vizuri" au "hapana" kabla mwanafunzi hajamaliza wazo lake. Sekunde 3 ni chache kwenye saa, lakini ukisimama mbele ya darasa zinaonekana ndefu mno. Zihesabu kimoyomoyo mpaka zitakapokuwa mazoea.

Wapo watakaokwambia kwamba hofu kidogo huamsha akili. Sikubaliani nao, angalau katika somo jipya. Akili ya mtu hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja inapofanya kazi, na mtoto anayejiuliza kama atachekwa amekwisha kuitumia sehemu ya nafasi hiyo kabla hajaanza hesabu yenyewe. Ndiyo sababu mwanafunzi huweza kukokotoa vizuri akiwa peke yake, kisha akashindwa na hesabu hiyo hiyo akiitwa ubaoni.

Uliniuliza kama upole hautaharibu nidhamu. Naona swali hilo linakusumbua sana, hivyo nitakujibu bila kuzunguka: darasa lisilo na utaratibu haliwezi kuwa salama kwa mwanafunzi mwenye woga, kwa kuwa likiachwa hivyo hutawaliwa na wenye sauti kubwa. Weka kanuni chache zinazoeleweka, na ya kwanza iwe kwamba hakuna anayemcheka mwenzake anapojibu. Kanuni hiyo isimamie kila mara, hata kama aliyecheka ni mwanafunzi unayempenda, kwa maana ukiiacha mara moja watajua kwamba ilikuwa maneno tu. Anayehitaji kuonywa kwa kirefu, mwite kando mkiwa wawili. Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989 unataka, katika kifungu cha 28, nidhamu ya shule isimamiwe kwa namna inayoheshimu utu wa mtoto, na mimi nauchukulia utu huo kuwa unaanzia kwenye maneno tunayomwambia mtoto mbele za watu.

Kuhusu daftari za kusahihisha, nakuomba ufikirie tena desturi ya kuandika alama juu ya kila zoezi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1988, Ruth Butler aliwalinganisha wanafunzi waliopewa maoni peke yake, waliopewa alama peke yake, na waliopewa vyote viwili. Waliosonga mbele ni wale wa maoni peke yake, na kuongeza alama kando ya maoni kuliiondoa faida hiyo. Najua kwamba shule hudai alama, wala sikushauri ugombane na wakuu wako. Ila katika mazoezi ya kila siku, sentensi moja inayomwonyesha mwanafunzi mahali alipopotea na hatua ya kujaribu inatosha, ilimradi umpe nafasi ya kurudi kuirekebisha kazi hiyo.

Kabla hujamhukumu yeyote kuwa mvivu, hakikisha pia kwamba anauona ubao na anakusikia. Mtoto asiyeona vizuri aghalabu hajui kwamba wenzake wanaona zaidi yake, kwa hiyo hatakwambia. Mbadilishie mahali pa kukaa kwa siku chache, umtazame.

Usijaribu haya yote kwa pamoja. Kwa juma hili ningeanza na kusubiri, na kwa wale wa nyuma wasionyoosha mkono, waache kwanza wazungumze wawili wawili kwa dakika moja ndipo uulize, ili atakayejibu aseme "sisi tumeona" badala ya kusimama na wazo lake peke yake. Kisha niandikie ni nani aliyesema, alisema nini, na hasa alipokosea wenzake walifanya nini. Ukininakilia jibu lake kama alivyolitoa, tutalitazama pamoja na kutafuta swali la kumuuliza.

Wako katika kazi na katika urafiki,
Mwalimu mwenzako