Hiyo ploti ya Ol Kalou

Makongeni, Nairobi

Mwanangu Kamau,

Picha nimeipata. Dada yako ameikuza kwenye simu yake, macho yangu unayajua. Ploti ni nzuri, tambarare, na bei iko chini. Hiyo bei ndiyo inaninyima usingizi. Nyuma ya huyo broka wako kuna kitu cheusi kimechomoza kwenye nyasi. Lile si jiwe la mpaka. Ni taruma la chuma, lile linalolazwa chini ya reli.

Umeambiwa reli ilikufa. Baba yako angekuwepo angekujibu mwenyewe. Reli ile ilijengwa 1929, ikitoka Gilgil ikipitia Ol Kalou na Ol Joro Orok hadi Nyahururu, enzi zile ikiitwa Thomson's Falls, ili mazao ya masetla yafike njia kuu. Malori yakaja yakaichukua mizigo, nyasi zikaota. Lakini kufungwa si kufutwa, Kamau. Ya Nanyuki nayo ililala miaka, watu wakajenga juu yake, 2020 gari la moshi likarudi na vibanda vikang'olewa. Ya Butere ikarudi 2021.

Usilipe Jumamosi. Nenda ofisi ya ardhi, fanya sachi ujue mwenye ploti ni nani, uone ramani. Soroveya awe wako, si wa broka.

Najua utasema, mama naye na reli. Hata mimi nilioneshwa karatasi yenye mhuri. Tingatinga lilipofika kwenye kibanda changu cha chai ilikuwa saa kumi alfajiri. Niliokoa birika na stuli moja. Na ile karo yako ya kidato cha pili, muhula wa pili, sikuibiwa kwenye matatu.

Haya. Kwetu hakuna aliyewahi kununua ardhi kwa pesa yake, wewe ndiye wa kwanza, na kanisani nimeshasema. Labda nilisema mapema. Ila simu zangu hupokei, ya broka unapokea usiku wa manane.

Mlango wa bafu bado haufungi, fundi alichukua mia tano akapotea. Gesi iliisha juzi, tunapikia jiko la makaa. Ukirudi beba viazi vya huko, vya hapa sokoni ni maji matupu.

Na ukifika, kabla hata ya kumsalimia huyo mtu, fukua pale kwenye taruma kwa mguu. Ukikuta la pili karibu yake, panda matatu urudi na pesa zako.

Mama