Barua kwa Wanangu Mnaosomea Uuguzi kwa Miezi 16 Huku Mkilinda Wazee Usiku

Wanangu wapenzi,

Ninawaandikia ninyi mnaosoma shahada ya uuguzi kwa mpango wa haraka hapa Massachusetts, Marekani, wengi wenu mkiwa Lowell na Worcester, ambao mchana mko darasani au wodini na usiku mko katika nyumba za kulea wazee, mkigeuza wagonjwa vitandani na kuitikia kengele. Mimi ni muuguzi kwa mwaka wa 22 sasa, na kabla ya hapo nilikuwa CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, kama ninyi. Baadhi yenu nimewafundisha kupima shinikizo la damu kwenye meza ya jikoni kwangu, na wengine nimewapikia uji mlipojifungua, kwa hiyo nitakayoyasema msiyapokee kama maneno ya mtu wa mbali.

Mwezi wa Februari mwaka huu binti mmoja wa kwetu alitoka kazini saa moja asubuhi, siku ya Jumatatu. Jumapili alikuwa ameamka saa moja asubuhi kusoma farmakolojia, akaingia zamu saa tisa alasiri, na ilipofika saa tano usiku msimamizi akamwomba abaki kwa sababu aliyepaswa kumpokea hakutokea. Akakubali. Saa tatu asubuhi alikuwa na mtihani. Barabara ilikuwa kavu na jua limekwisha kuchomoza, wala hapakuwa na gari lililomfuata vibaya. Alisinzia tu, na gari likajibamiza kwenye vyuma vya kando ya barabara. Mkono wake wa kulia ulivunjika mahali pawili, na muhula mzima ukapotea, kwa sababu katika mpango wa haraka hakuna wiki ya kufidia, na anayekosa siku za wodini husubiri kundi linalofuata.

Namshukuru Mungu kwamba yu hai. Lakini kilichonikera hadi nikashika kalamu ni yaliyofuata. Katika kikundi chetu cha WhatsApp watu walichanga, na hilo ni jema, kisha wakaanza kumsifu: jembe, mpambanaji, mfano wa kuigwa. Waige nini, jamani? Siku ya tatu nilipokwenda kumtazama hospitalini, aliniomba nimshikie simu ili aweze kubonyeza kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa mchango wa harusi ya binamu yake huko Morogoro ulitakiwa ufike kabla ya Ijumaa. Nikamshikia. Nilipofika nje nilikaa ndani ya gari langu kwa muda mrefu bila kuliwasha.

Nisikilizeni kuhusu usingizi, kwa maana hapa ndipo mnapojidanganya zaidi. Mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono kama mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu, na akifikisha saa 24 anakuwa kama mwenye asilimia 0.10. Sheria ya hapa humkamata dereva anapofikisha 0.08. Binti yetu alikuwa ametimiza saa 24 kamili alipowasha gari. Hakuna mzazi kati yetu ambaye angemkabidhi mwanawe aliyelewa funguo na kumwambia hongera kwa kujituma, lakini mtoto akitoka zamu mbili mfululizo sisi hao hao tunampigia makofi. Wala kahawa hairudishi usingizi uliopotea. Inakuficha tu usijione ulivyochoka.

Tena hatari haiko barabarani peke yake. Nilipokuwa mwanafunzi, asubuhi moja baada ya zamu ya usiku, nilivuta uniti 40 za insulini, dawa ya kushusha sukari, badala ya 4, kwa ajili ya bibi mmoja ambaye dakika chache kabla alikuwa ameniuliza jina langu lina maana gani. Mwalimu alinishika kifundo cha mkono kabla sijafika kitandani. Hakunifokea. Aliniuliza nimelala kwa muda wa saa ngapi, nami nikamwambia muda wa saa sita, hali sikuwa nimelala hata dakika moja. Uongo ule ulinisumbua kuliko kosa lenyewe, kwa sababu uniti 40 zingeweza kumuua yule bibi, nami badala ya kusema kweli nilikuwa ninalinda nafasi yangu. Kila nikiwaona mnaingia wodini macho yamewavimba, mkiulizwa mnasema mko salama, namkumbuka bibi yule.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Mipango hii huchukua miezi 11 hadi 18, na huwapokea watu ambao tayari wana shahada nyingine; ndiyo maana kati yenu wamo walimu, wahasibu na hata mhandisi mmoja. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa moja ya darasani na saa mbili za kujisomea kwa wiki. Aliyebeba krediti 15 amebeba saa 45, na wengi wenu mmebeba zaidi. Ukiongeza saa 40 za kazi unapata 85. Wiki ina saa 168. Ukilala saa saba kila usiku, zinabaki saa 34 za kuendesha gari, kupika, kuoga, kusali, kumkagua mtoto kazi za shule na kuzungumza na mwenzi wako. Hazitoshi, nanyi mnajua hazitoshi, na pengo hilo mnalijaza kwa kuukata usingizi.

Ninajua kwa nini mnafanya hivyo. Ruzuku ya Pell ya serikali hapewi mtu ambaye tayari ana shahada ya kwanza, hata kama aliipata Dar es Salaam au Nairobi, na ada ya mpango wa haraka inatisha. Hata hivyo wenye uraia au kadi ya ukaazi wa kudumu wanaweza kuomba mikopo ya serikali, na upo ufadhili wa Nurse Corps unaolipa ada pamoja na posho ya kila mwezi kwa sharti la kufanya kazi walau miaka miwili mahali penye upungufu wa wauguzi. Nimewauliza kumi kati yenu kama mmewahi kuomba, na tisa hamkuwa mmelisikia jina lake. Muda wa zamu mbili upo, muda wa kujaza fomu haupo! Wenye viza ya masomo nao wasisukumwe na mtu yeyote kufanya kazi nje ya chuo bila kibali, kwa kuwa zamu moja inaweza kuwagharimu ukaazi wao hapa.

Ushauri wangu kuhusu kazi ni huu: zamu moja kwa wiki, au mbili zikizidi, ziwe za mchana na ziwe mwisho wa wiki, na kamwe usiku usikukute kazini ikiwa kesho una wodi au mtihani. Ombeni kuhamishiwa kwenye orodha ya wanaoitwa wakihitajika, ili msifungwe na ratiba. Simu ya kazini ikilia saa nane mchana na kusema wamepungukiwa, upungufu huo ni wa mwenye nyumba ile ya wazee, aliyeamua kuajiri wachache. Si deni lako.

Na nyumbani semeni kweli. Hapa nitawasumbua, kwa kuwa naamini nusu ya zamu mnazofanya hamzifanyii ada, mnazifanyia aibu. Mnaona aibu kumwambia mama kwamba mwaka huu hakuna pesa. Mpigie simu kabla muhula haujaanza, umtajie mwezi utakaomaliza, umwambie kwamba hadi hapo utatuma dawa zake tu, na kwamba harusi, ukarabati wa nyumba na simu ya mdogo wako vitasubiri. Mimi nilimwambia marehemu mama yangu hivyo nikiwa natetemeka, naye akanijibu kwamba hakujua kabisa kuwa ninasoma. Alidhani nina kazi tu. Alikuwa akiniombea nipandishwe cheo. Miaka miwili ya michango nilikuwa nimemficha jambo ambalo lingemfurahisha kuliko michango yenyewe.

Kuhusu mengine nitakuwa mfupi. Pikeni Jumapili chakula cha siku nne. Someni wawili wawili. Mkianza kushuka karibu na alama ya kufaulu, nendeni kwa mwalimu wiki hiyo hiyo. Mkimaliza, fanyeni NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, mapema maarifa yakiwa bado ya moto, kwa kuwa anayeshindwa husubiri siku 45. Na ninyi waume wa wanafunzi hawa, mke anayetoka wodini saa moja jioni asikute sufuria tupu na wewe umekaa mbele ya mpira.

Kwetu sisi wazee wa jumuiya nina ombi. Tumekuwa hodari wa kuchangia majeneza na gari zilizopondeka, na wavivu wa kuchangia kabla. Fedha tulizokusanya kwa ajili ya binti yetu zingemlipia kodi ya nyumba kwa miezi mitatu, naye asingekuwa barabarani asubuhi ile.

Mimi nimeanza na nilicho nacho. Chumba cha wageni hapa kwangu kina vitanda viwili, na niko dakika kumi kutoka hospitali ambako wengi wenu mnafanya mazoezi. Anayetoka zamu macho yakiwa mazito asiwashe gari. Anipigie, hata saa kumi alfajiri, nitamfuata. Binti yetu amekubali kukaa nasi atakapoanza tena na kundi la mwezi ujao. Amechagua kitanda cha dirishani. Kile cha pili bado hakina mtu.

Mama yenu katika kazi hii.